Chapati za Krismasi, kokis za Aprili: sahani mbili za laini za chai



Mei 2023 ilipotangazwa kwamba mashamba ya James Finlay hapa kwetu yananunuliwa na Browns Investments, kampuni ya Sri Lanka, mzaha wa kwanza niliousikia pale stejini haukuwa wa mishahara wala wa ardhi. Ulikuwa wa chakula. Jamaa mmoja wa boda alisema, "Jitayarisheni, sasa ni wali na pilipili kuanzia asubuhi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mwaka uliofuata, tena Mei, Lipton nao wakatangaza kuwauzia watu walewale mashamba yao, na mzaha ukarudi na nguvu mpya.

Sasa mimi ni mtoto wa laini. Mama alichuma majani karibu maisha yake yote, na tulilelewa kwenye vile vyumba vilivyopangwa kama mabehewa, ukuta mmoja mnagawana na jirani, akikohoa unasikia. Kwa hiyo ule mzaha ulinikaa kichwani. Nikajiuliza: huko Sri Lanka si pia wana milima, baridi, chai na laini? Watu wa laini za kule hula nini siku ya sikukuu? Nikaanza kusoma. Nilienda kutafuta pilipili, nikakutana na Krismasi yetu.

Hebu kwanza nieleze Krismasi ya laini, kwa wale mmekulia Nairobi mkidhani sikukuu ni kuku wa kununua na soda kubwa. Tarehe 24 jioni laini nzima ilinuka mafuta. Kila mlango kuna mama amekunja mikono anakanda unga wa ngano, mtoto ametumwa duka kununua mafuta ya kupima, mwingine anachunga moto. Sisi tulihesabu chapati zikitoka kwenye karai, na ukiiba moja mama alijua bila kuhesabu. Asubuhi ya tarehe 25, kabla hujaonja kitu, unapewa sahani imefunikwa kitambaa cha kufuma: hii peleka mlango wa kwanza, hii mlango wa nne. Jirani Mkisii anapokea chapati, anakurudishia sahani ina ndizi za kuiva. Wa Kijaluo anaweka kipande cha samaki. Kwa Waluhya ulikuwa unaombea utumwe wewe, kwa sababu kuku alikuwa hakosi. Sisi Wakipsigis tulitoa mursik, ambayo kogo alituletea kutoka Bomet kwa matatu, ameshika sotet mapajani safari yote kama mtoto mchanga. Kanuni ilikuwa moja: sahani hairudi tupu. Ukirudi na sahani tupu, mama anakuuliza kama ulifika kweli.

Basi sasa twende Sri Lanka. Mwaka mpya wa Wasinhala na wa Watamili huangukia tarehe 13 au 14 Aprili, jua linapohama kutoka nyota ya Samaki kuingia ya Kondoo. Haufiki usiku wa manane na fataki kama wetu. Saa yake hupigwa hesabu na wanajimu, na kati ya mwaka unaokwisha na unaoanza kuna masaa fulani ambayo hayana mwenyewe: moto wa jikoni unazimwa, hakuna kupika, hakuna kazi yoyote. Kisha inafika dakika iliyotangazwa, nchi nzima dakika hiyohiyo, na mama wa nyumba anawasha moto akitazama upande uliotajwa mwaka ule. Chungu kipya cha udongo kinawekwa motoni, maziwa yanachemshwa mpaka yamwagike. Sisi tukimwaga maziwa tunagombezwa. Kule yakimwagika watu wanafurahi, kwa sababu ni dalili kwamba mwaka utajaa.

Halafu meza. Katikati kuna kiribath: wali uliopikwa kwa tui zito la nazi, ukakandamizwa sinia nzima na kukatwa vipande vya umbo la almasi. Huliwa na kachumbari kali ya pilipili na vitunguu iliyopondwa. Pembeni kuna kavum, ambayo ni unga wa mchele uliokorogwa na asali ya mti fulani wa jamii ya mitende uitwao kithul, ukakaangwa kwenye mafuta ya nazi. Ile ya kifahari ina kishungi juu kama nywele zilizofungwa, na kukipata ni kazi: unamimina uji katikati ya mafuta, huku unauvuta juu kwa kijiti chembamba na kuumwagia mafuta kwa upawa. Ukikosea unapata mandazi tu. Kuna aluwa, unga wa mchele na asali hiyohiyo, nayo imekatwa umbo la almasi. Jina lake na la halua ya Mombasa ni ndugu kabisa. Kuna asmi, nyuzi nyuzi kama kiota. Na kuna kokis, ile ya kuvunjika mdomoni: unachovya kibati cha umbo la ua kwenye uji wa mchele na tui la nazi, unakizamisha kwenye mafuta ya moto, ua linajiachia lenyewe.

Hapo kwenye kokis ndipo niliposimama. Inasemekana jina hilo limetoka kwa Waholanzi, kwenye neno lao la biskuti, koekjes. Waholanzi walitawala pwani ya kisiwa kile tangu 1658 hadi 1796, kisha Waingereza wakawafukuza. Yaani kitu ambacho kila nyumba ya Kisinhala lazima ikaange ndiyo mwaka uhesabike umefika kimebeba jina la mkoloni, na hakuna anayejali. Unga ni wao, nazi ni yao, jina lilibaki kama viatu vya mgeni mlangoni.

Na baada ya kula? Kavum, kokis na vipande vya kiribath hupangwa kwenye sahani, hufunikwa kitambaa kisafi, mtoto hutumwa kwa jirani. Jirani Msinhala kwa Mtamili, Mtamili kwa Mwislamu. Sahani hairudi tupu.

Manze, niliposoma hivyo nilimpigia mama simu.

Lakini ngoja, kuna kitu hapo bado hakijakaa sawa. Kokis na kavum ni za Wasinhala, na wengi wa Wasinhala hawakuwa watu wa laini. Watu wa laini za Sri Lanka ni Watamili, na hawa walitolewa kusini mwa India na Waingereza kuanzia miaka ya 1820, kwanza kwa ajili ya kahawa. Walivuka bahari, wakatembea kwa miguu msituni kutoka Mannar kupanda hadi nchi ya milima, na wengi walifia njiani. Ugonjwa wa kutu ulipoua kahawa kuanzia 1869, chai ikachukua nafasi. Mskoti James Taylor alikuwa ameshapanda ya biashara pale Loolecondera mwaka 1867. Wenyeji wao waliwapa vyumba vya mistari ambavyo mpaka leo vinaitwa laini, kwa matamshi yao. Mchele waliletewa na shamba lenyewe, kisha ukakatwa kwenye mshahara.

Watu hao walikuja na sikukuu yao kubwa, Thai Pongal, katikati ya Januari. Ni mavuno ya mchele. Mchele mpya, maziwa, dengu ndogo za kijani zilizokobolewa, sukari guru, korosho, zabibu, chungu kipya nje ya mlango, na kikifurika wanapiga kelele, "Pongalo Pongal!" Hebu fikiria hilo. Mtu hana shamba la mchele hata hatua moja. Anachuma majani ya mwenyewe aliyeko London. Lakini Januari anasimama mbele ya chumba chake cha laini na kusherehekea mavuno. Pembeni kuna vadai za dengu, na murukku, ile ya kujiviringa ambayo wewe ukiiona utasema ni chevda imesokotwa. Hujakosea, ni ukoo mmoja na vitu vya pakiti unavyonunua supermaketi ukisubiri matatu ya Litein.

Hiyo sukari guru nimeitaja makusudi. Huku kwetu ukisema sukari guru mtu anafikiria chang'aa, tena anapunguza sauti. Lakini neno lenyewe ni la Kihindi, na ufundi wake uliletwa magharibi mwa Kenya na Wahindi waliolima miwa upande wa Kibos, karibu na Kisumu, mwanzoni mwa karne ya 20. Kitu kilekile kinachofanya pongal iwe tamu kule, huku kimepata kesi.

Sasa swali langu, na ndilo limenifanya niandike yote haya. Kericho na Sri Lanka zina jani moja. Kampuni nazo ni zilezile: Finlay ilikuwa na chai India na Ceylon kabla ya kuja huku. Ardhi ya Kericho ilichukuliwa, 1919 wakapewa maafisa wa jeshi la Kiingereza walioumia vitani, wakajaribu kulima kitani, bei ikaanguka, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na Finlay wakawa ndio wenye milima. Laini ni zilezile, mizani ni ileile, hata tabia ya mnyapara ni ileile. Kwa nini basi meza ya sikukuu kule ni mchele na nazi, na yetu ni chapati?

Jibu langu: angalia Mwingereza alimtoa nani wapi. Chai ya Ceylon ilijengwa na watu wa mchele. Reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, ilijengwa na vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na Punjab ni nchi ya ngano. Wengi walirudi kwao au walikufa, lakini waliobaki walibaki na tawa zao. Wagujarati wakafungua maduka mpaka ndani kabisa, Kericho, Sotik, Litein. Chapati ilipanda mlima kwa njia hiyo, na unga wake ukauzwa dukani, si kugawiwa.

Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Mchumaji wa Kericho shamba lilimpa posho. Neno posho lenyewe maana yake ni hiyo, chakula cha kupimiwa, na cha kupimiwa kilikuwa unga wa mahindi. Sasa niambie, ni tamutamu gani ya sikukuu Kericho inatengenezwa kwa mahindi? Hakuna. Miaka mia moja tumekula mahindi kila siku, na hatujayatengenezea sherehe hata moja. Wimbi lilikuwa na sherehe zake kwa Wakipsigis. Maziwa yanazo mpaka leo. Mahindi yalikuja kwa mizani, na kitu kilichokuja kwa mizani ya bwana hukipeleki kwa jirani kwenye kitambaa cha kufuma. Mtamili yeye alipimiwa mchele, lakini mchele aliujua tangu kwao, alikuwa na miungu yake, nyimbo zake na chungu chake. Aliupokea kama posho akaugeuza pongal. Sisi hatukuweza kuyageuza mahindi, kwa hiyo tulitafuta nje ya posho: ngano ya duka na maziwa ya nyumbani.

Ndiyo maana mursik haikufa. Wangeweza kuchukua malisho, na waliyachukua. Mwaka 1934 waliuhamisha ukoo mzima wa Talai kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili yao tu, wakatupwa Gwassi kule kando ya ziwa, kwenye mbung'o na malaria, hadi 1962. Laini yetu haikuwa na pa kufunga hata mbuzi. Lakini kogo aliendelea kusugua sotet yake kwa sosiot, ule ufagio wa ukuti, na kuipaka ndani mkaa wa senetwet mpaka maziwa yakawa na madoa ya kijivu, na ikifika Desemba anapanda matatu. Leo mwanariadha akishuka ndege na dhahabu, anakunywa hiyo kabla ya kuhojiwa. Kampuni haikumpa kogo hiyo kazi, na kwa hiyo haingeweza kumfuta.

Kuna mtu atasema, lakini Kericho tuna chakula cha Kihindi cha sikukuu, tena cha bure. Kweli, na nashangaa wangapi wenu hamjawahi kuingia Gurudwara. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na kila mtu, unapewa chapati na dengu, na siku nyingine kipande cha karah parshad, unga wa ngano na samli na sukari, cha moto, kinateleza mkononi. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Hekalu hilo limejengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho kabla ya kuhamia Birmingham, ambako alifariki 1983. Masingasinga wa kule wanamwita "Kerichowale", mtu wa Kericho. Kuna watu Uingereza wanalijua jina la mji wetu na hawajui kama una chai. Lakini angalieni tena kilicho sahanini: ngano. Wapunjabi. Mtamili na mchele wake hakuwahi kufika huku juu. Ukitaka binamu za kavum Kenya hii shuka Pwani, kwenye vitumbua vya mchele, tui na iliki. Watamili nao wana zao za karai ya mashimo, na ukiwaonyesha kitumbua cha Lamu watakuuliza nani amekufundisha.

Sasa turudi kwa ule mzaha wa stejini. Tulicheka kana kwamba mwenye shamba ndiye huamua nini kinaliwa sikukuu. Historia ya laini, huku na kule, inasema hapana. Brooke Bond hakutuachia pudini ya Krismasi. Watamili wa milimani walinyimwa uraia kwa sheria ya 1948, watu mamia ya maelfu, na 1964 serikali mbili zikakaa mezani zikawagawana kwa hesabu: 525,000 waende India, 300,000 wabaki. Familia zikapasuka. Pongal ikachemka pande zote mbili za bahari. Na wenyewe Wasri Lanka, Aprili 2022, walifika mwaka mpya bila gesi, bila mafuta, foleni kila mahali, vijana wamepiga kambi Galle Face wakimtaka rais aondoke. Walipika kiribath hapohapo kambini. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya nchi hiyohiyo ikaja kununua milima yetu. Dunia ina vituko.

Kinachonitisha mimi si pilipili. Kinachonitisha ni mashine. Ile Mei 2023 ndiyo Mei vijana walichoma mashine za kuchuma majani, na sitaki kuandika hapa kama walikosea au la, hiyo ni posti nyingine na itanigharimu usingizi. Ninachosema ni kwamba mashine moja inachukua kazi ya watu wengi, na watu hao walikuwa wanakaa mlango kwa mlango. Mkisii anarudi Kisii, Mjaluo anarudi Nyanza, sisi tunarudi Bomet kulima robo ekari ya chai tupeleke Kapkoros au Mogogosiek, tusubiri boni ambayo kila mwaka tunalinganisha na ya watu wa Mlima Kenya mpaka tunagombana. Kila mtu kwao atapika chakula cha kwao, na kitakuwa kitamu. Lakini ile sahani yenye ndizi, samaki, kuku na mursik kwa mpigo haikuwa ya kabila lolote. Ilizaliwa laini, na sioni itakaa wapi laini zikiisha. Kule Sri Lanka nako vijana wa milimani wanakimbilia Colombo kufanya kazi dukani na majumbani, na mwaka mpya basi zinajaa kurudi.

Desemba iliyopita tulienda laini ya zamani, mama ana rafiki mmoja bado yupo. Kati ya milango kumi na miwili ya safu yetu, minne ndiyo ilikuwa na pazia. Mama alikanda unga kama wa zamani, akasukuma chapati thelathini, hata sikuweza kumwambia ni nyingi. Akafunika sahani nne. Kwenye mlango wa mwisho alinifungulia kijana ambaye simjui, amehamia juzi, fundi wa hizo mashine. Alichukua sahani akabaki ameishika, hajui afanye nini nayo. Nikamwambia arudishe wakati wowote.

Aliirudisha jioni. Ilikuwa na biskuti, bado ziko kwenye pakiti.

Kama kogo wako au nyanya wako aliishi laini miaka ya sitini au sabini, Kericho, Bomet, Nandi, popote, muulize walikula nini Krismasi na walipeleka kwa nani. Rekodi na simu, usiandike, sauti ni bora. Nitumie.